Mwendo wa Saba

Bibi yangu Ludmila alihesabiwa miendo kumi na tisa.
Kiwandani East Fallow, Ohio, mwaka ambao mto uliganda mapema,
kijana wa kola nyeupe, Wendell Haskins,
alisimama nyuma ya bega lake siku tatu
na saa kiganjani, saa yenye mshale mmoja,
mshale usiojua adhuhuri wala magharibi,
unaojua kuanza na kukoma.

Kunyoosha mkono: moja.
Kuokota kikombe cha kauri, kile cha kushikia nyaya za simu: mbili.
Kugeuza, kufuta vumbi, kukagua ukingo.
Aliandika yote, hata kumeza mate.
Kwenye mwendo wa saba kalamu ikasita:
mama huyu anagonga kikombe kwa ukucha,
ti, ti,
ndipo anakiweka kwenye kasha.
Haskins akaandika pembeni: Mazoea. Upotevu. Ondoa.

Miendo ikabaki kumi na mmoja.
Mshahara ukapanda senti tatu,
na Bibi, aliyeshuka melini na maneno arobaini ya Kiingereza,
hakuwa na hata moja miongoni mwa hayo
la kumweleza kijana kwamba alikuwa akisikiliza.
Kauri nzima hulia kama kengele ya kanisa la mbali.
Yenye ufa hukohoa.

Machi ikaja dhoruba. Nyaya zikalala topeni wilaya nzima.

Nasimulia haya Jumanne usiku, chumba namba 214,
mbele ya watu kumi na wanne
walionunua kahawa badala ya chakula cha jioni.
Silabasi inanivuta shati: twende, twende.
Basi, baada ya saa zikaja taa.
Waliongeza mwanga pale kiwandani, kazi ikaongezeka.
Wakaupunguza hadi ukawa wa mbalamwezi,
kazi ikaongezeka tena,
wakakuna vichwa, wakaandika ripoti nene
kwamba mtu akiulizwa “umeamkaje?” mikono yake huchangamka.
Terézia wa meza ya pili alikuwa na ripoti yake:
“Gizani hawakuona tukipiga soga.
Vidole vyenyewe vilishajua njia.”

Kisha piramidi. Nimeichora ubaoni mpaka chaki inaijua:
chini mkate na paa,
juu kabisa nafsi iliyotimia, peke yake, kwenye upepo.
Baba yangu walimtundika katikati,
Mfanyakazi Bora wa Oktoba, picha ukutani karibu na choo.
Mgema akisifiwa hutia tembo maji;
baba hakutia maji, wala hakusifika sana.
Aliuliza tu, kwa adabu,
kama picha ingeweza kubadilishwa kwa Jumamosi moja.

Pruitt anainua mkono. Anafanya kazi ghala la kando ya barabara kuu,
zamu ya usiku; kifundoni amefungwa kifaa
kinachotetema akisimama nusu dakika.
“Mwalimu, hiki kiko sura ya ngapi?”

Nafunua kurasa muda mrefu kuliko inavyohitajika.
Ya kwanza, namwambia.
Wenzake wanacheka. Yeye anatazama mkono wake
kama mtu anayetazama kidonda cha mtoto wa jirani.
Nami kwa mazoea nagonga kikombe changu, ti, ti,
lakini ni cha karatasi,
hakina la kusema.

Nishafuta ubao, nishavaa koti,
Pruitt bado yuko mlangoni.
“Vile vilivyokohoa,” anauliza, “kabla hawajamkataza.
Alivitupa?”

Hapana. Alivificha chini ya aproni, kimoja kimoja,
akavipindua nyumbani, akavijaza udongo,
akapanda vitunguu vya majani.
Dirisha zima la jikoni.
Kijani, hata Januari.